Kigari kidogo cha bei rahisi: kitakuokoa kwenye mafuta au kitakuhamishia gharama kwa fundi?

Msomaji ameuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Mtaalamu shikamoo. Nina gari kubwa la juu, injini ya cc 2400, natembea nalo kama kilomita 50 kwa siku, siku sita za wiki, na linanipa kilomita 7 kwa lita. Mafuta yamenishinda. Nataka kuchukua kigari kidogo used cha bei ya chini, nimeona viwili, Toyota Vitz ya 2003 ya cc 1000 na Honda Fit ya 2006 ya cc 1300, na tangazo la Fit linasema inaenda kilomita 23 kwa lita. Nina mke na watoto watatu. Nichukue ipi, na hili kubwa niuze au nibaki nalo?"

Marahaba kaka. Umefanya vizuri kuleta namba, maana swali la "gari gani halili mafuta" likija peke yake halijibiki, ila ukisema unatembea kiasi gani na la sasa linakupa ngapi hapo tunaweza kuongea. Kabla ya Vitz na Fit tupige hesabu kwanza, na tuipige kwa lita, pesa tuiache pembeni. Bei ya mafuta inapanda na kushuka, bei ya gari anaitaja dalali anavyotaka, lakini ukichukua bei ya kitu chochote ukaigawanya kwa bei ya lita moja siku hiyo, unapata namba unayoweza kuilinganisha na kila kitu kingine: gari ni lita ngapi, bima lita ngapi, gia boksi ikifa lita ngapi. Kila anayekuja kuniomba nimkagulie gari la kubana matumizi namfanyisha hesabu hii, na wapo ambao wakimaliza wanaahirisha kununua.

Kilomita 50 mara siku sita, toa likizo na siku za kuumwa, tuseme kilomita 15,000 kwa mwaka. Kwa kilomita 7 kwa lita unachoma kama lita 2,143. Kigari kidogo kizima, kwa matumizi ya kweli ya foleni na barabara ya wazi, tukipe kilomita 14 kwa lita, kinachoma lita 1,071. Unaokoa zaidi kidogo ya lita 1,070 kwa mwaka, na hizo ni nyingi, sibishi. Sasa chukua bei ya hicho kigari, jumlisha kuhamisha umiliki, bima, matairi kama yaliyopo yamekwisha, na servisi ya kwanza, vyote geuza lita. Ikitoka kama lita 3,200 maana yake unahitaji miaka mitatu ndo mafuta yaliyookolewa yalipe hilo gari, na hapo hujaharibikiwa na kitu hata kimoja. Ikitoka lita 6,000 ni zaidi ya miaka mitano na nusu, na gari la 2003 kumaliza miaka mingine mitano na nusu bila kuingia mfukoni kwako kwa mambo mazito ni kuliomba makubwa. Ukiliuza hilo kubwa hesabu inabadilika sana, nitafika huko.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakioni mpaka wakiandike. Kutoka kilomita 7 mpaka 10 kwa lita, kwa mwendo wako wa mwaka, unaokoa lita 643. Kutoka 10 mpaka 14 unaokoa 429. Kutoka 14 mpaka 18 unaokoa 238, na kutoka 18 mpaka 22 ni lita 151 tu. Unaona, kila hatua ni kilomita tatu au nne lakini faida inazidi kuyeyuka, kwa sababu kadiri gari linavyokula kidogo ndivyo kilichobaki cha kuokoa kinavyopungua. Nchi nyingi za Ulaya wanaandika lita kwa kila kilomita 100 na ukiandika hivyo huwezi kudanganyika kirahisi, gari lako ni lita 14.3, la kilomita 14 ni lita 7.1, la kilomita 22 ni lita 4.5. Kwa hiyo usikubali kuchukua gari bovu linalosemekana linaenda 20 ukaacha zima la 13, na usiongeze hela nyingi kukimbilia ile ya mwisho kabisa kwa ubanaji. Kazi kubwa inafanyika ukitoka kwenye hiyo 7, na gari dogo lolote lenye afya litaifanya.

Na hiyo 7 yenyewe inanipa mashaka. Injini ya cc 2400 ya petroli kwenye gari la juu inaweza kukupa 7 kama ni foleni tupu, lakini kama una na vipande vya barabara ya wazi naona iko chini kuliko inavyotakiwa, na kabla hujanunua chochote ningependa hilo gari lako liangaliwe. Tuseme tu lipande kutoka 7 mpaka 9, hapo unachoma lita 1,667 badala ya 2,143, umeokoa lita 476 kwa mwaka, karibu nusu ya faida yote ambayo ungeipata kwa kununua gari jingine, na pengine kwa gharama ya sensa moja na seti ya plagi.

Sehemu za kuangalia nakupa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Kwanza thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Kuna mafundi gari likichemsha wanaing'oa na kuitupa, gari linaacha kuchemsha mteja anafurahi, ila injini sasa haifiki joto lake la kazi, inakaa baridi muda mrefu, na kompyuta ikiona injini ya baridi inaongeza petroli kila sekunde ikidhani ndo kwanza umewasha. Hiyo petroli unailipia kila siku. Pili sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Hii ndo inaiambia kompyuta mchanganyiko ukoje, petroli inaungua vizuri ikiwa hewa ni karibu mara 14.7 ya petroli kwa uzito, na sensa ikizeeka au ikifa kompyuta inapiga kwa kubahatisha na kwa kawaida inabahatisha kwa kuzidisha. Tatu breki zinazokamata. Endesha kama nusu saa bila kupiga breki kali, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake kalipa ya hapo imeganda na gari lako linatembea huku limeshikwa. Kisha plagi, kisha upepo wa matairi na alaimenti. Kuhusu upepo namba yake ni kama asilimia 0.2 ya mafuta kwa kila psi moja inayopungua, kwa hiyo matairi yote yakiwa na 22 wakati stika ya mlangoni inasema 32 yanakula asilimia mbili hivi bure na yanakwisha pembeni juu yake. Wengi wanakimbilia kubadili eya klina wakitegemea muujiza. Kwenye injini za injeksheni eya klina chafu inakuua nguvu zaidi kuliko inavyokula mafuta, kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza petroli ifanane nayo, ibadilishe ndiyo lakini usitegemee hapo.

Tukija kwa hiyo kilomita 23 ya tangazo la Fit, muuzaji hakuitunga, inatoka Japani kwenye kipimo kilichokuwa kinaitwa 10-15 mode. Gari linawekwa kwenye rola ndani ya maabara, AC imezimwa, hakuna mlima, hakuna mzigo, spidi ya juu kabisa ni 70. Japani wenyewe walikiacha wakaja na JC08 ambacho ni kigumu zaidi, na baadaye WLTC, na Ulaya nao kuanzia 2017 wakaacha NEDC wakaingia WLTP kwa sababu hiyohiyo, namba za karatasini zilikuwa mbali mno na za barabarani. Kwa hiyo ukikuta namba ya 10-15 mode kwenye tangazo la gari la miaka ya 2000 ikate karibu theluthi moja kichwani kwako, na kama mizunguko yako ni ya foleni ikate zaidi. Fit ya cc 1300 iliyo nzima nategemea ikupe 13 mpaka 15 kwa mwendo mchanganyiko. Ya cc 1000 itacheza hapohapo, pengine juu kidogo mjini.

Na hapa ndo nataka nikae, kwa sababu umesema mke na watoto watatu. Watu wanadhani cc ndogo ni mafuta kidogo siku zote. Injini ndogo inabana mafuta ikifanya kazi nyepesi. Vitz ya 2003 ya cc 1000 ni gari jepesi, halifiki tani moja, injini yake ni 1SZ-FE ya silinda nne na gia yake otomatiki ni ya hatua nne tu. Ukiwa peke yako mjini ni raha. Jaza watu watano na mizigo, washa AC, panda mlima au ingia barabara kuu, injini inapiga kelele muda wote, umekanyaga mpaka chini, na kompyuta kwenye hali hiyo inamwaga petroli zaidi ya kawaida ili injini isipate moto. Hapo ya 1300 inayopumua vizuri inaweza kula sawa na hiyo ya 1000 au hata pungufu. Kwa hiyo swali langu kwako ni moja, kwenye hizo kilomita 50 za kila siku uko na nani? Kama uko peke yako au na mtoto mmoja unamshusha shule, cc 1000 inatosha na safari za familia zifanywe na gari jingine. Kama mnabanana watano asubuhi na jioni chukua 1300 au hata 1500, tofauti ya mafuta utakayoipoteza ni ndogo na gari litadumu zaidi. Tena pima kabisa kiti cha nyuma, kama watoto wote bado wanakalia viti vyao maalumu, vitatu kwa mstari kwenye gari la ukubwa huu ni vigumu sana kuingia, nenda na viti vyenyewe siku ya kukagua uvifunge.

Kati ya hizo mbili kwa karatasi mimi naelemea Fit, kwa nafasi. Tenki lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndo maana nyuma pamekuwa pakubwa kuliko unavyotegemea kwa gari fupi namna ile. Ila Fit ina mambo mawili ambayo lazima uyajue kabla hujatoa hela. La kwanza, ile injini ya 1300 ya i-DSI ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani jumla plagi nane. Nne za mbele unaziona ukifungua boneti, nne nyingine ziko nyuma upande wa kioo na kuzifikia ni kazi, kwa hiyo fundi mvivu anabadilisha nne anakuambia tayari. Nimefungua Fit kadhaa ambazo plagi za mbele zinang'aa na za nyuma zimekwisha kabisa, mwenye gari analalamika linakula mafuta na linatetemeka sailensi, yaani limesimama injini ikiwaka. Ukikagua mwambie fundi atoe hata moja ya nyuma aione.

La pili ni gia boksi, na hili ndo zito. Ni CVT, haina gia za kawaida, ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake ni ya peke yake, kwa hizo za kizazi cha kwanza Honda walitoa HMMF. Mtu akiweka haidroliki ya kawaida ya gia boksi otomatiki, msuguano ule unaotakiwa kati ya mkanda na puli unaharibika, na CVT ikishaanza kuteleza mara nyingi hairudi, unanunua nyingine. Geuza bei ya CVT used kuwa lita uone, halafu jumlisha kwenye hesabu ya mwanzo. Jinsi ya kuijaribu: gari likiwa limepata moto vizuri, simama kabisa, achia breki taratibu na uguse mafuta kidogo tu kama uko kwenye foleni. Ikitetemeka au kushtuka inapoanza kutembea, ile klachi ya kuanzia ina shida. Wakati mwingine oili sahihi na kuiseti upya vinaiponya, lakini usinunue kwa matumaini hayo, nunua kwa bei inayodhani haitapona. Afu panda mlima mrefu, sikiliza kama kuna mlio wa kulia kama wa basi kuukuu unaopanda na spidi, na angalia kama mshale wa rpm unapanda gari lisiongeze mwendo.

Vitz kwa upande wa gia ni rahisi zaidi, otomatiki ya kawaida, fundi wengi wanaijua, haidroliki yake iwe nyekundu na isinuke kuungua. Injini zote mbili hizi zinatumia cheni ya taimingi, hazina mkanda wa kubadilisha kila kilomita laki moja hivi kama baadhi ya magari madogo ya zamani zaidi, Starlet ya 4E-FE kwa mfano inao. Lakini cheni nayo inachoka kama oili haikuwa inabadilishwa, na dalili yake ni mlio wa kugongagonga sekunde chache za kwanza gari likiwashwa la baridi.

Hiyo inanileta kwenye sharti ambalo silivunji: gari likaguliwe likiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, ukifika weka mkono kwenye boneti, likiwa la moto rudi siku nyingine, maana mwenye gari lenye tatizo la kuwaka asubuhi, moshi, au huo mlio wa cheni anajua kabisa likishapata moto vinapotea. Kabla hajapiga stata washa swichi tu, taa ya cheki injini lazima iwake yenyewe kisha izime baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa kuna mtu ameitoa au ameiziba, na mtu wa namna hiyo sina la kuongea naye. Likiwaka mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto na unanuka utamu ni kulanti, maji ya kupoozea injini, inaingia kwenye silinda, mweusi ni petroli imezidi na huo ndo adui yako hasa kwa shida uliyonayo. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu kama maziwa yaliyoganda chini yake uliza maswali kuhusu gasketi ya silinda hedi.

Skana usiiache, na usiishie kuuliza "kuna kodi?", yaani namba za makosa kwenye kompyuta, kwa sababu kodi hizo zinafutwa dakika mbili kabla hujafika. Omba vitu viwili. Kimoja ni hali ya zile redinesi monita, ni majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe baada ya kuendeshwa kwa muda, ukikuta karibu zote hazijakamilika maana yake kumbukumbu imefutwa au betri ilichomolewa hivi karibuni, na hapo jiulize kwa nini. Kingine ni fueli trimu, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Hizi ni asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kiasi gani kurekebisha kasoro. Injini yenye afya ya moto inacheza karibu na sifuri, ndani ya kama 5 juu au chini ni sawa, ya muda mrefu ikiwa imekaa zaidi ya 10 kuna hewa inaingia pasipotakiwa, au pampu imechoka, au sensa inadanganya. Angalizo kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka hiyo, hayakulazimika kufuata OBD2, mfumo mmoja wa kusoma kompyuta ya gari, kama ya Marekani ambako ni lazima tangu 1996, kwa hiyo kimashine cha bei ndogo cha kuunganisha na simu kinaweza kisisome kitu kwenye hiyo Vitz, tafuta fundi mwenye skana inayoielewa Toyota.

Kilomita za dashibodi zisikupumbaze, kwa gari la miaka zaidi ya ishirini hiyo namba iko hapo kama mapambo. Angalia raba za pedeli, usukani umelainika vipi, kiti cha dereva upande wa kushukia, na stika za oili za zamani kwenye kingo za mlango au chini ya boneti. Tairi zina namba nne za DOT, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, ukikuta tairi la zaidi ya miaka kumi lina kashata nzuri bado litupe, hiyo nayo iingie kwenye lita. Nyanyua kapeti ya buti uangalie shimo la tairi la akiba, tope kavu au kutu kwenye reli za viti ni gari lililokunywa maji ya mafuriko na hilo usiliguse kwa bei yoyote, umeme wake utakutesa mpaka uliuze. Namba ya chesisi kwenye bodi ifanane na ya kadi, herufi kwa herufi.

Sasa kuna jambo halihusu mafuta ila nisingelala vizuri nisipolisema, hasa kwa gari la watoto. Magari ya miaka hiyo, Fit/Jazz na Vitz/Yaris yakiwemo kutegemea mwaka na namba ya chesisi, yaliingia kwenye ule mwito mkubwa (rikoli) wa kurudisha magari yabadilishwe eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata. Ndani yake kulikuwa na kemikali ya ammonium nitrate ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali eabegi badala ya kujaa hewa inapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyekaa mbele. Watu wamekufa kwa hilo kwenye ajali ambazo zilikuwa za kawaida tu. Gari lililotoka nchi moja kwenda nyingine likiwa used mara nyingi limepishana na barua za mwito, mwenye nalo hana habari. Chukua namba ya chesisi uiweke kwenye tovuti ya mtengenezaji sehemu ya rikoli, au mpe wakala rasmi akuangalizie, na kama bado haijabadilishwa wakala anabadilisha bila malipo. Ukikuta gari ambalo taa ya eabegi haiwaki kabisa ukiwasha swichi, kuna mtu amezing'oa, achana nalo.

Ungeniuliza kuhusu haibridi, gari la petroli lenye na mota ya umeme, ningekujibu kwa ile ngazi ya mwanzo. Aqua au Prius iliyo nzima ikikupa 22 badala ya 14 unaokoa kama lita 389 zaidi kwa mwaka, kwenye foleni ndo inang'aa kwa sababu injini inazima na nguvu ya breki inarudi kwenye betri. Linganisha hizo lita na bei ya kununulia iliyozidi pamoja na betri kubwa ambayo siku moja itahitaji kazi. Kwa bajeti ya chini kama yako haibridi unayoweza kuimudu ni ile ambayo mwenzako ameshaitumia betri yake yote, kwa hiyo kwa sasa naiweka pembeni.

Ukishanunua, usipime kwa kuangalia geji ya mafuta. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, sifurisha tripu, tembea tenki zima kama kawaida yako, rudi kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile ujaze mpaka ikate tena. Kilomita 420 kwa lita 31 ni 13.5, hiyo ndo namba yako ya kweli, na fanya hivo kila tenki kwa sababu ikishuka ghafla gari linakuambia kitu kabla taa yoyote haijawaka. Na mguu wako nao una sehemu yake. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, kutoka 90 kwenda 110 unaongezeka karibu nusu, na gari dogo lenye injini ndogo linausikia huo upepo kuliko lile kubwa lako. Petroli ya okteni ya juu usipoteze hela, injini hizi hazikutengenezwa kuihitaji.

Kuhusu kuuza lile kubwa. Ukibaki nayo yote mawili, tuseme kubwa lifanye kilomita 3,000 za safari za familia na dogo 12,000, unachoma lita 1,286 kwa mwaka, umeokoa 857 badala ya 1,070. Toa humo bima ya pili, ada zake, betri inayokufa kwa kukaa, matairi yanayozeeka bila kutembea. Ikibaki chini ya lita 300 uza, hizo safari chache za kujaa watu na mizigo itakuwa nafuu kukodi. Ila usiuze kwanza. Mtu asiye na gari ananunua kwa haraka na muuzaji anamsoma usoni. Litengeneze hilo kubwa kama nilivyosema, hiyo thamostati na sensa na breki, pima tenki mbili, kama limepanda mpaka 9 hesabu yako yote ya juu irudie na 9 badala ya 7 kabla hujaenda kokote, unaweza ukashangaa jinsi hicho kigari kilivyopanda bei ghafla. Na kama bado kinakulipa, nenda kaione hiyo Fit asubuhi ikiwa baridi, na ukipata fueli trimu zake na jibu la chesisi kuhusu eabegi nitumie pamoja na bei yake kwa lita, nikuangalizie kabla hujalipa.